Bakuli Lisilolia

Bakuli lilirudi na alama yake chini, lakini halikulia.

Mama Vikombe, kama wateja wake wa mtandaoni walivyozoea kumwita, aliligonga tena ukingoni kwa ukucha. Bakuli la kaure lililo zima hulia kama kengele ndogo, na mlio wake hukaa hewani kidogo kabla ya kuisha. Hili lilisema "ko" basi, kama kopo lenye maji. Akaligeuza. Kitone cha rangi nyekundu ya kucha kilikuwa palepale alipokiweka yeye, chini kwenye kitako. Maua ya bluu yalikuwa yaleyale, kifuniko kilekile. Ufa hakuuona, ingawa mnunuzi alilalamika kwamba limemfikia limepasuka. Hata kamba ya sanduku ilikuwa imefungwa kwa fundo lake mwenyewe. Na sanduku lilinuka karatasi iliyolowa, ijapokuwa lilikuwa kavu kabisa.

Wanaouza vitu vya kale mtandaoni wanaujua mchezo huu. Mtu ananunua bakuli lako zima, anatulia, kisha anaandika kwamba limefika limepasuka. Wenye soko wanamwamini yeye, kwa sababu mteja ni mfalme na muuzaji ni punda. Anakurudishia bovu alilokuwa nalo kabatini, na zima lako anabaki nalo. Mama Vikombe aliliwa hivyo mara ya kwanza akalia, mara ya pili akatukana, na baada ya hapo akaanza kuweka kitone cha siri chini ya kila chombo. Lakini kinga yake ya kweli ilikuwa sikio. Kila chombo alikijua kwa mlio wake, kama mama anavyokijua kilio cha mwanawe katikati ya watoto wa wenzake.

"Wewe na mabakuli yako," alisema mumewe, amesimama mlangoni mwa stoo na mafuta ya mashine mikononi. Alikuwa fundi wa friji. "Sisi wenye nyumba tunakula kwenye plastiki, kaure zimekaa kabatini kama wakwe."

Fundi huyu alikuwa na jino la mbele lililomeguka. Alilivunja zamani akifungua soda kwa meno, ili binti mmoja aone kwamba huyu ni mwanaume. Binti mwenyewe ndiye Mama Vikombe. Tangu siku hiyo, kila "s" aliyoitamka ilitoka na mluzi mwembamba, na kwa jinsi walivyozoeana mkewe alikuwa hausikii tena, kama usivyoisikia friji mpaka izime.

"Huyu ameiga mpaka alama," Mama Vikombe alimwambia. "Ila mlio umemshinda."

"Basi yaishe."

"Yaishe vipi, na bakuli langu liko kwake?"

"Haya, mwandikie. Lakini usimwambie umemjuaje. Ukimweleza mwizi ulivyomkamata, umemfundisha kazi."

Ushauri ulikuwa mzuri. Lakini Mama Vikombe alikuwa na hasira, na hasira hasara. Alimwandikia mnunuzi, ambaye kwenye simu hakuwa na picha wala jina, nukta tu: Hili si langu. Rudisha langu.

Jibu liliingia kabla hajaweka simu chini. Umejuaje?

Naye, kwa kutaka tu huyo mtu ajue kwamba hakukutana na mjinga, akaandika: Kwa mlio. Alama unaweza kuiga, mlio huwezi.

Mnunuzi akajibu neno moja. Ahsante.

Kesho yake mchana, Mama Vikombe akiwa jikoni anasonga ugali, alisikia mlio kutoka stoo. Ting. Akadhani panya. Kikapita kimya, kisha ukaja mwingine, wa juu kidogo, nao ulikuwa wa bakuli la waridi, hakuhitaji kuliona. Ikafuata sahani yenye ndege. Likafuata birika la kijani. Mtu alikuwa anapita rafu kwa rafu, taratibu, akigonga kila chombo mara moja na kukisikiliza mpaka mlio ufe, kama mwanafunzi anayerudia somo, na Mama Vikombe alisimama na mwiko mkononi bila kuthubutu kugeuka, kwa maana mumewe alikuwa kazini, na mlango wa nje alikuwa ameufunga yeye mwenyewe, kwa ndani.

Alipopata moyo wa kwenda, stoo haikuwa na mtu. Harufu ya karatasi iliyolowa ilimpiga puani. Akagonga bakuli la waridi. Ko. Akagonga birika. Ko. Vyombo vyote vilikuwa vizima na vyote vilikuwa bubu. Mwishowe akaligusa lile lililorudishwa, nalo likalia vizuri ajabu, mlio uleule wa bakuli lake, na kabla haujaisha likalia lenyewe, bila kuguswa, mlio wa waridi, wa sahani, wa birika.

Mumewe hakucheka aliposimuliwa. "Silali nalo nyumba moja hili," alisema, na mluzi wa jino ukasikika wazi, labda kwa sababu naye aliogopa. "Nalipeleka jalalani sasa hivi." Akalitia kwenye mfuko, akashuka nalo ngazi.

Alirudi giza likiingia, mikono mitupu.

"Nimeshalisahau lile," alisema. "Na wewe sasa usiwe na wasiwasi."

Maneno yale yalijaa "s" tupu, na hakuna hata moja iliyopiga mluzi.

Mama Vikombe alimkodolea macho. Jino lilikuwa limemeguka vilevile. Makovu ya kazi ya ufundi mikononi yalikuwa mahali pake. Alama zote zilikuwepo. Akaenda stoo polepole, kama mtu anayetafuta kitu, na bakuli lilelile lililopelekwa jalalani akalikuta rafuni. Alivuta kifuniko, kikakataa kutoka. Alipoweka sikio juu yake akasikia, mbali sana, kama mtu aliye chini ya kisima, sauti ya mumewe ikimwita, na kila penye "s" palikuwa na mluzi. Machozi yalimtoka hapohapo.

"Unasikiliza nini, mke wangu?" Sauti ilikuwa nyuma ya shingo yake.

"Hakuna kitu."

"Unaniogopa." Aliyasema bila hasira. "Umejuaje?"

Tangu hapo hakwenda kazini tena. Aliketi kwenye kiti karibu na mlango wa nje, magoti yamebanana, funguo mfukoni mwa shati, akamtazama kwa upole. Mama Vikombe akipika aliulizwa umejuaje, akifua aliulizwa umejuaje, akijilaza ukingoni mwa kitanda na kugeukia ukuta aliulizwa tena kwa ile sauti laini ya mtu anayetaka kweli kujifunza, naye aliuma ulimi wake na kunyamaza, kwa kuwa alikuwa ameshaelewa kwamba mluzi ule ndio kitu pekee cha mumewe ambacho hakijaibiwa, na siku atakapoutaja hatabaki na namna yoyote ya kumtambua mwanaume aliyempenda.

Siku moja alijifungia bafuni, akafungulia maji yamwagike, akampigia shangazi yake.

"Shangazi," alinong'ona, "huyu aliyemo humu ndani si mume wangu."

"Unasema nini, mwanangu?"

"Usiniulize. Nitafutie mtu. Nakufa humu, Shangazi."

Shangazi alikuwa mwanamke wa maneno mengi, lakini siku ile hakuongeza hata moja la ziada. "Yupo mganga mmoja, mama mtu mzima, majini anayajua. Kesho mchana atakuwa hapo. Usimfungulie mwingine."

Mama Vikombe alifunga bomba. Chini ya mlango, kwenye mwanga wa ukumbini, kulikuwa na vivuli vya nyayo mbili, na hazikusogea kwa muda mrefu.

Kesho yake yule wa kwenye kiti aliinuka. "Natoka kidogo," alisema, akauacha mlango wazi.

Mama Vikombe angeweza kukimbia. Alikwenda kwanza stoo kulichukua bakuli, maana hakuwa mtu wa kumwacha mumewe kisimani, na alipolikumbatia tu akasikia hodi.

Mlangoni alisimama bibi kizee aliyejitanda kanga, ubani ukifuka kwenye kigae mkononi mwake. "Shangazi yako amenituma, mwanangu," alisema, na Mama Vikombe akamshika mkono akalia kama mtoto. Ubani ulikuwa mkali hata ukachoma macho. Chini yake kulikuwa na ile harufu ya karatasi iliyolowa, lakini nyumba nzima ilishanuka hivyo.

Bibi alipita vyumbani, akarudi akitikisa kichwa. "Huyu ni jini mnunuzi. Huchukua kizima, hurudisha bandia. Mumeo yumo humu." Aliligusa bakuli kwa kidole. "Nitaondoka nalo, nikalifungue kwenye maji yanayokwenda, naye atarudi kwa miguu yake mwenyewe. Lakini lifungwe kwa mkono wako wewe."

Kazi hiyo Mama Vikombe aliijua kuliko zote. Alilifunga kwa magazeti, akalizungushia sponji, akalilaza kwenye sanduku, akaziba kwa selotepu na kulipiga fundo lake. Kwa ndani ile sauti ilikuwa inaita, sasa kwa haraka, kama mtu anayekataza jambo. "Tulia, baba," alimwambia, akilipapasa sanduku. "Unakuja nyumbani."

Bibi alilipakata. Kwenye kizingiti akasimama.

"Bado moja. Lazima nimwite kwa alama yake, asije akatoka mwingine. Huyu wa bandia, umemjuaje?"

Mama Vikombe alitazama ngazini. Hakukuwa na mtu. Alisita, akajiambia kwamba mficha uchi hazai, na kwamba mgonjwa asiyemwonyesha mganga panapouma hana haki ya kulalamika. Akasogeza mdomo kwenye sikio la bibi, akamwambia yote, la jino, la soda, la mluzi.

"Ahsante," alisema bibi, akashuka ngazi.

Haukupita muda simu ikatetema. Ujumbe ulitoka kwa wenye soko: mnunuzi ameondoa malalamiko, ameridhika. Mama Vikombe alicheka kwa sauti, peke yake, sebuleni. Dawa gani hii, aliwaza, hata haijakaa!

Kisha akasikia viatu ngazini.

"Mke wangu! Salama?" Sauti ilikuwa imechoka, na kila "s" ilipiga mluzi. "Sijui hata siku zote hizi nilikuwa sehemu gani. Nasikia njaa sana."

Alimrukia shingoni. Alimbusu kwenye paji la uso, kwenye mikono yenye makovu, kwenye lile jino la ajabu lililompa mume. Alikuwa hajawahi kuwa na furaha kama ile. Walikuwa bado wameshikana pale mlangoni wakati simu ilipoita, akaipokea bila kumwachia.

"Mwanangu," ilisema sauti ya mwanamke mzee, yenye kikohozi, sauti asiyoijua. "Mimi ndiye yule mganga wa shangazi yako. Unisamehe, gari limetuharibikia tangu asubuhi, ndiyo kwanza napata jingine. Nakuja. Usimfungulie mtu mpaka nifike. Na wala usimwambie mtu yeyote umemjuaje."

Mama Vikombe alifumba macho. Aliona magazeti aliyoyakunja vizuri, sponji, selotepu, fundo lake lisilofunguka ovyo, na akaisikia tena ile sauti ndani ya sanduku ikikataza, ikikataza kwa nguvu zake zote, wakati yeye anailaza kwa mikono yake na kuikabidhi kwa mnunuzi. Akakata simu. Mikono iliyomzunguka mgongoni haikulegea.

"Nani huyo?" aliuliza mumewe.

"Wamekosea namba."

Mumewe alimpapasa mgongo taratibu. Mlango ulijifunga nyuma yake.

"Sasa," alisema, na mluzi ukatoka safi kabisa, "umejuaje kama wamekosea?"

Kisha akamgonga begani kwa ukucha, mara moja, akainamisha kichwa kusikiliza.