Matufaha ya Mpiga Plasta

Umewahi kumwona mpiga plasta akipewa unga na siagi? Mimi nimemwona. Nitakusimulia polepole, maana hadithi hii haitaki haraka.

Walikutana sokoni Jumamosi asubuhi, watu wamebanana mpaka huwezi kuinua kiwiko. Mwanamke alikuwa mpiga pasi katika chumba cha kufulia cha hoteli. Alivaa gauni la manjano lenye vifungo vyeupe, limenyooka hata unaogopa kulipumulia. Alikuwa anachagua matufaha yaliyopondeka. Mwanaume mmoja, fundi wa plasta, akasimama kando yake, nyusi zimejaa vumbi la saruji.

"Dada, hayo yameoza."

"Yamepondeka, hayajaoza. Ni ya kuoka. Na wewe kaka, umezeeka nyusi tu au mwili mzima?"

Fundi alicheka mpaka muuza matunda akamwambia apishe wateja.

Wiki iliyofuata akaalikwa kuonja. Chakula chenyewe ni rahisi. Unakata matufaha vipande, unanyunyiza sukari na mdalasini, unatandaza kwenye bakuli la kuokea. Halafu unga na siagi baridi unavisugua kwa ncha za vidole mpaka viwe chengachenga, unamwagia juu. Basi, huugusi tena. Ukitoka kwenye oveni umekuwa wa kahawia, na maji ya matunda yanatokota pembeni.

Fundi alikula, akakwangua bakuli, akasema, "Nioe."

"Mwanaume haolewi, we!"

"Kwa haya, mimi naolewa."

Wakaoana. Mwaka wa pili Mpiga Pasi akashika mimba. Fundi akatengeneza kitanda kidogo kwa mikono yake, akakipiga msasa siku tatu ili kisimchome mtu. Mimba ilipofika mwezi wa nane, mtoto akazaliwa kimya, hana pumzi. Alikuwa wa kiume.

Mama alikuwa bado amelala kwa dawa nesi alipotokea kwenye korido. "Baba, mama akiamka tumletee amshike kidogo?"

"Hapana, dada. Asimwone. Atavunjika."

Ndivyo kazi ilivyomfundisha. Ufa unaujaza, unaulainisha, unapaka rangi, mwenye nyumba akirudi haoni kitu. Basi mkewe aliporuhusiwa kurudi nyumbani, kitanda kidogo hakipo, nguo ndogo zimegawiwa, na ukuta wa chumba kile unanuka rangi mpya.

Mpiga Pasi alisimama mlangoni. "Umepaka rangi."

"Ndiyo, mpenzi. Upumzike."

Hawakusema zaidi. Yeye aliwaza: huyu hata kumtazama mwanangu hakumtazama, ameshamfuta. Fundi naye aliwaza: amenichukia, nisimguse kidonda. Wiki sita walilala kitanda kimoja, kila mtu ameelekea ukuta wake. Kisha mwanamke akafunga mkoba, akahamia kwa dada yake.

Fundi alipiga simu kila mchana.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Haya."

Miezi miwili ilikwenda hivyo. Sasa Jumamosi moja simu ikalia mapema.

"Mpenzi, yale matufaha yako... yamekuwa zege. Kisu hakiingii."

"Unapika wewe?"

"Nilitamani harufu yake humu ndani."

"Uligandamiza unga?"

"Nilisawazisha kidogo tu."

"Kwa kutumia nini?"

"Kwa mwiko wa plasta. Lakini niliuosha!"

Mpiga Pasi akacheka, na kicheko chenyewe kikamshtua. Dada yake akachungulia kutoka chumbani. "Kumbe bado una meno?"

"Naenda kumwangalia mjinga wangu mara moja, dada. Narudi jioni."

Alimkuta Fundi amevaa aproni ya maua ya mkewe, imemfika nusu ya kifua, amekonda mashavu. Mezani kulikuwa na bakuli, juu yake pamenyooka kama ukuta wa benki. Mpiga Pasi hakumsalimu kwa kumkumbatia. Alinawa mikono, akachukua matufaha mengine, akamenya. Fundi akasugua unga alivyoelekezwa. Walipoumwaga juu ya matunda, mkono wa Fundi ukaanza wenyewe kuulainisha.

Mkewe akamshika kifundo cha mkono. "Acha."

"Nimezoea."

"Najua umezoea." Hakumwachia. "Mtoto hata hukumtazama."

Fundi aliutazama ule unga.

"Nilimbeba," akasema. "Nilimbeba kutoka hospitali mpaka kaburini, sikumpa mtu. Ana nywele nyingi. Sikio lake la kushoto limekunjika juu, kama lako."

"Ulimbeba." Mpiga Pasi alivuta kiti, akaketi. "Nilipoamka nikamuuliza nesi mwanangu yuko wapi. Akaniambia wamekatazwa kunionesha. Nikadhani ni sheria ya hospitali. Nani aliwakataza?"

Fundi angeweza kusema ni daktari. Lile neno lilimfika mdomoni, nakwambia, na hakuna ambaye angemsuta.

"Mimi."

Oveni ilikuwa imeshapata moto, na bakuli lilikuwa bado mezani. Mwanamke alimpiga kifuani kwa ngumi zenye unga, mara mbili, mara tatu, na Fundi hakurudi nyuma. Ya nne haikuwa na nguvu. Ilibaki palepale imeshika aproni.

Nikwambie tu ukweli, jioni ile hakurudi kwa dada yake, wala kesho yake. Lakini usidhani walipona siku hiyo. Wapo waliokaa miaka na jambo kama hilo, nao ni miongoni mwao.

"Nilidhani nakusaidia," Fundi alisema, ile ngumi bado imeshika aproni. "Sikukuuliza. Ulitaka nini, mke wangu? Niambie sasa."

Mkewe alifuta pua kwa mgongo wa mkono.

"Nilitaka nimbebe," akasema. "Hata akiwa wa baridi. Nilitaka nimbebe mimi."