Jeraha la Mkuyu

Kila asubuhi Kisa alifagia uwanja, akamwagilia miche ya kakao, kisha akaenda kuutazama mto. Masika iliyopita mto uliingia katika nyumba yao ya mianzi na udongo, hapa Bujonde. Ulibeba kitanda na magunia ya mpunga.

Mumewe, Yakobo, aliapa kujenga nyumba ya tofali za kuchoma. Alifyatua tofali elfu nne, akapanga tanuri. Kilichokosekana ni kuni za kuzichomea tu. Jumamosi akamleta mkata miti, Aliko, na msumeno wake wa mashine.

"Anza na mkuyu ule wa ukingoni," alisema Yakobo.

Kisa alikimbia, akakaa juu ya mzizi. "Haukatwi!"

"Mama Lusungu, ondoka! Unataka tulale tena majini?"

"Mzizi huu ndio umeshika uwanja wetu. Ukiukata, unaukaribisha mto ndani!"

Aliko alizunguka upande wa pili. Msumeno ukanguruma. Meno yakazama kwenye gome, utomvu mweupe ukatiririka. Kisa hakusogea.

Lucy, jirani yao, ni fundi ujenzi. Alisikia mngurumo akaja mbio.

"Aliko, zima! Utamuua mtu!" Msumeno ukanyamaza. Akamgeukia Yakobo, akamsalimu: "Ugonile, baba Lusungu. Unajenga au unabomoa?"

"Wataalamu walituambia kwenye mkutano wa kijiji, nyumba bora ni ya tofali za kuchoma."

"Waliwaambia kuni zitoke wapi?"

Yakobo aligeukia tanuri.

"Jirani yetu Zebedayo naye aliambiwa hivyohivyo," Lucy aliendelea. "Mikuyu sita ya ukingoni iliingia tanurini. Nyumba yake iko wapi?"

Wote walijua. Iko mtoni. Ukingo ulimeguka masika iliyofuata. Waliotoa ushauri ule hawajarudi hata kutoa pole. Wao wamesahau. Sisi hatujasahau.

"Na tofali zangu elfu nne?" Yakobo alifoka. "Nizile?"

"Zivunje, zirudi kuwa udongo. Changanya na mchanga. Ndoo kumi za mchanganyiko huo, ndoo moja ya saruji, maji kidogo. Mimi nina mashine ya kushindilia tofali kwa mkono. Zikitoka, zifunike kivulini, uzinyunyizie maji siku saba. Ziache zikomae mwezi mzima. Haziguswi na moto."

"Maji yakija hazitayeyuka?"

"Chini tunaweka msingi wa mawe, juu ya alama ya mafuriko. Paa tunalitokeza ili mvua isipige ukuta. Na hilo shimo ulilochimba udongo nyuma ya nyumba, lifukie. Umeutengenezea mto bwawa."

Yakobo aliutazama utomvu unaotiririka. Kisha akamwangalia mkewe, bado yuko juu ya mzizi.

"Aliko, nenda nyumbani," alisema.

Aprili, nyumba mpya ikiwa imeshasimama, mto ulikuja na kelele zake. Uliparamia ukingo, ukafika kwenye ngazi ya tatu ya msingi. Kisa na Yakobo walisimama mlangoni, wamemshika mtoto wao Lusungu mikono. Asubuhi maji yalishuka. Ukingo ulikuwa palepale.

"Ndaga fijo, Lucy," Kisa alimshukuru.

Leo mgeni akija kuona nyumba ya Yakobo, haonyeshwi nyumba kwanza. Anapelekwa ukingoni, kidole chake kinawekwa kwenye jeraha la mkuyu.

"Hapa," Yakobo humwambia, "ndipo nilipotaka kuibomoa nyumba yangu."