"Pupil" Ni Nani Hapa Nyumbani?

Mume wangu ni seremala. Watu wote humwita Fundi, hata mimi. Mwaka huu ameanza kusoma Kiingereza darasa la jioni, na tangu hapo hatuna raha. Hata msumari haupigi kabla hajautaja kwa Kiingereza.

Asubuhi ile sote tulikuwa na kiherehere. Mama mkwe wangu alikuwa anakwenda kupasuliwa jicho. Jicho lake la kulia lilikufa zamani. La kushoto lilikuwa limezibwa na mtoto wa jicho, ule ukungu mweupe unaowapata wazee. Binti yetu Kibonge ana miaka miwili, na bibi yake alikuwa hajawahi kumwona uso. Alimjua kwa kumpapasa tu. Madaktari wageni wa macho walikuwa wanapasua siku hiyo tu, kisha wanaondoka kwa miezi sita.

Kliniki ya macho ilikuwa imetupa chupa ndogo ya dawa. Mtu mwenye haraka zake alikuwa ameandika maelezo kwa Kiingereza. Fundi aliyasoma, kidole kikifuata kila neno.

"Tone moja. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Jicho la kushoto. Kwa ajili ya... 'pupil'!" Akaruka. "Hili nalijua! Mwalimu katufundisha juzi. 'Pupil' ni mwanafunzi!"

"Mwanafunzi gani?" nikauliza.

"Nyumba hii ina mwanafunzi mmoja tu, na ni mimi."

"Fundi, anayepasuliwa ni mama yako!"

"Mama Kibonge, imeandikwa. Hawa madaktari wana hekima zao."

Mama akacheka kitandani. "Mwache. Msomi akishaamua, nani atamzuia?"

Kabla sijamnyang'anya chupa, tone lilikuwa jichoni mwake. Ncha ya chupa iligusa hadi kope.

Jirani yetu ni muuguzi wa kliniki ya macho. Alipofika kutuchukua, alimkuta Fundi amefunika jicho kwa kiganja.

"Shemeji, vipi tena?"

"Mwanga umekuwa mkali, dada. Na karatasi hii siioni vizuri."

Nikamweleza yaliyotokea. Muuguzi akajishika kichwa.

"Masikini! Dawa hii ni ya kupanua mboni ya Mama. Isipopanuka, daktari hawezi kumpasua!"

"Basi tumtie sasa hivi," nikasema, nikichukua chupa.

"Hapana! Chupa iliyogusa jicho la mtu haitumiki kwa mwingine. Utampelekea vijidudu. Kule kliniki kuna chupa nyingine, lakini dawa inataka nusu saa kufanya kazi. Twendeni!"

Tulitoka mbio. Mimi nilimbeba Kibonge mgongoni. Muuguzi alimshika Mama mkono. Fundi alikuja nyuma akijikwaa, jicho moja kalifumba.

"Jamani, mgonjwa ni nani hapa?" Mama akauliza.

Tuliwahi. Mama akapata tone lake, nikashusha pumzi. Tukakaa kwenye benchi kusubiri.

"Lakini mwalimu alisema..." Fundi akaanza.

"Mwalimu hakukosea," akajibu muuguzi. "Neno hilo lina maana mbili. Ni mwanafunzi, na pia ni mboni, lile duara jeusi katikati ya jicho."

"Mwanafunzi na mboni! Wapi na wapi?"

"Mama Kibonge, mwangalie mumeo jichoni. Sogea. Unaona nini?"

Nikasogea. Mboni yake ilikuwa pana kama kifungo cha shati. Ndani yake alikuwemo mwanamke mdogo, mdogo kabisa, mwenye kitambaa changu kichwani.

"Nipo!" nikapiga kelele. "Fundi, nipo humu ndani!" Benchi zima likageuka.

"Basi jina lilitoka hapo," muuguzi akasema. "Watu wa kale waliosema Kilatini waliona humo kisichana kidogo kama mwanasesere. Wakaiita mboni kwa jina hilo. Neno la ukoo uleule likawa la mtoto yatima aliye chini ya mlezi. Baadaye Kiingereza kikalitumia kwa mtoto anayefundishwa. Shina lao ni moja: mtoto mdogo."

"Kumbe!" Fundi akasimama. "Na sisi ukungu ule tunauita mtoto wa jicho! Kila mtu kaona mtoto humo!"

"Ndiyo, shemeji. Lakini neno likiwa na maana mbili, usishike ile unayoijua tu. Uliza. Hasa likiwa kwenye dawa."

Siku hiyo Fundi hakugusa msumeno. Muuguzi alimkataza mpaka jicho lirudi sawa. Sasa kwetu dawa haifunguliwi mpaka tuulize anayejua, na mkali kuliko wote ni Fundi mwenyewe. Kila neno geni analipeleka kwa jirani. "Na hili, dada, lina maana ngapi?"

Kesho yake Mama alifunguliwa bandeji. Kibonge alisimama mbele yake, kamshika magoti. Mama akainama. Mikono yake ilibaki mapajani.

"Ana kidoti shavuni," akasema, machozi yakimtoka. "Miaka miwili yote, hakuna aliyeniambia mjukuu wangu ana kidoti!"