Nilikuta Nywele za Mjukuu Wangu Kwenye Bahasha, Nikamfukuza Aliyekuwa Akizitunza

Siku ile tulikuwa watu sita uani kwangu, Yombo, na wote nawakumbuka kama nawaona. Nilikuwepo mimi mwenyewe, Mwajuma, bibi wa miaka sabini na mbili. Alikuwepo mwanangu wa pekee, Shabani, dereva wa lori, karudi jana yake kutoka Tunduma. Alikuwepo mkewe, Neema, mtu wa Njombe, aliyemuoa baada ya mke wa kwanza, marehemu Zainabu, kututoka. Alikuwepo wifi yangu Bi Tatu, dada wa marehemu mume wangu. Alikuwepo jirani yetu Mama Husna, tunayepakana naye ukuta. Na alikuwepo Mzee Kombo, mjumbe wetu wa mtaa, niliyemwita mimi ili awe shahidi.

Aliyekosekana ni mmoja tu... Rehema, mjukuu wangu, mtoto aliyeachwa na Zainabu. Alikuwa kambi ya masomo shuleni kwao. Na kesi yote ilikuwa ya kichwa chake!

Ndugu zangu, mimi shule yangu iliishia darasa la nne. Mtanivumilia. Lakini haya nisipoyasema nitakufa nayo.

Rehema nilimpokea mikononi akiwa na miaka minne, mama yake hajamaliza hata arobaini. Kila Jumapili nilikuwa namkalisha chini kati ya magoti yangu, namsuka. Mikono yangu ilikuwa na sifa! Msuko wa Bi Mwajuma unakaa mwezi mzima haujalegea. Nilikuwa navuta unywele kutoka kwenye mzizi kabisa, mpaka macho ya mtoto yanakaa upande. Akilia namwambia, "Tulia, wewe! Unataka uonekane huna bibi?" Anatulia. Majirani wanamsifia, na mimi kifua kinajaa.

Hivyo kwa miaka kumi na tatu.

Alipoingia kidato cha tatu, Jumapili moja nikamwita kama kawaida. Hakuja. Akasimama mlangoni na ushungi wake kichwani, akasema, "Bibi, kuanzia sasa mama atakuwa ananisuka." Mama! Yaani Neema. Nilicheka, lakini ndani niliumia... niliumia sana. Kichwa kile kilikuwa changu. Leo anakipeleka kwa mke wa baba yake?

Tena nikaanza kuona mambo. Kila Jumamosi wanajifungia chumbani kwa Neema, wao wawili, na beseni la maji ya uvuguvugu. Wanakaa humo saa nzima. Mtoto anatoka kajifunga kitambaa laini kichwani, hataki mtu amguse. Nikimuuliza anasema, "Naoshwa tu, bibi." Siku moja niliona nywele kwenye mto wake, nyingi, kama zimenyolewa. Nikashtuka. Akaniambia ni joto. Joto gani la kung'oa nywele?

Sasa niwaeleze kitu. Sisi tuliolelewa pwani, nywele zinazobaki kwenye chanuo hazitupwi ovyo. Unazikusanya, unazifukia au unazichoma, asije mtu mbaya akaziokota. Nimefundishwa hivyo na mama yangu, Bi Asha binti Ngwele, naye alifundishwa na mama yake. Sikuwahi kuuliza kama ni kweli. Ni kitu unakua nacho.

Basi siku hiyo ya mkasa niliingia chumbani kwa Neema kutafuta sindano. Chini ya kitanda kulikuwa na kopo la biskuti. Nikalifungua...

Bahasha! Bahasha za kaki, nane. Nikachungulia ya kwanza. Nywele. Ya pili, nywele. Zote nane nywele! Na juu ya kila bahasha pameandikwa. Nikasoma herufi moja moja... R-E-H-E-M-A. Chini yake, wiki ya kwanza. Wiki ya pili. Wiki ya tatu.

Jamani! Jina la mtoto, na nywele za mtoto, chini ya kitanda cha mama wa kambo! Wewe ungewaza nini?

Nilitakiwa kumngoja Neema arudi sokoni, nimuulize tukiwa wawili. Sikufanya hivyo. Nilitoka nalo kopo mpaka uani, nikampigia kelele Shabani, nikamwita Bi Tatu, nikamtuma Husna amwite mamaye, nikamwita Mzee Kombo. Neema aliporudi na kikapu chake cha mchicha alitukuta tumekaa kama msibani, bahasha zimepangwa mkekani.

Bi Tatu ndiye aliyeanza. "Kila bahasha na jina lake! Mtu kaandika kabisa, na wiki kaweka, hana hata haya!"

Mama Husna akadakia, "Mie sisemi kitu, Bi Mwajuma. Ila nywele za mtu haziingii kwenye bahasha kwa miguu yake."

Neema aliweka kikapu chini. Akasema kwa sauti ndogo, "Mama, hizo ni za daktari wa ngozi. Mtoto nywele zinamkatika. Tunakusanya zinazotoka kila wiki, daktari aone kama zinapungua. Muulizeni Rehema akirudi."

Nikamwambia, "Kama ni za daktari, kwa nini ulificha? Kwa nini mie bibi yake nisijue?"

Ndugu zangu... alinitazama. Alinitazama muda mrefu, akafungua mdomo, akaufunga. Hakujibu. Na mimi ukimya ule nikauchukua kuwa ushahidi!

Mzee Kombo alijaribu. Alisema, "Bi Mwajuma, mambo haya tusiyakimbilie, mtoto arudi kwanza." Nikamwambia wewe mjumbe, kazi yako kusikiliza. Shabani alikuwa anaangalia chini. Alisema tu, "Neema, mama anakuuliza, mjibu." Basi.

Nikalitamka neno. Nilimwita mchawi. Mbele ya watu wote, na mlango wa uani uko wazi, wapita njia wanachungulia. Neema hakulia. Aliingia ndani, akatoka na begi moja, akapita mbele yangu na kusema, "Mama, dawa ya kichwa ya Rehema iko kwenye chupa ya kahawia. Asiikose." Akaenda kwa dada yake, Kiwalani.

Unadhani niliitunza hiyo chupa? Nilichoma kila kitu! Bahasha, dawa, chanuo la meno mapana, na karatasi iliyokunjwa ambayo sikuisoma. Nikajiona nimeokoa mtoto.

Rehema aliporudi kutoka kambini alilia siku mbili. Alisema, "Bibi, ni kweli za daktari!" Bi Tatu akaniambia kashalishwa maneno huyo. Nikaamini. Nikamkalisha kati ya magoti yangu kama zamani, nikamsuka kwa nguvu zangu zote, nikachanganya na rasta za dukani ili nywele "zishikane". Alisema inauma. Nikamwambia atulie. Akatulia... aliniachia kichwa chake kama mtu aliyekata tamaa.

Miezi mitatu nilimsuka hivyo. Nafumua, nasuka. Nafumua, nasuka. Kila nikifumua nywele zinapungua, nami nazidi kukaza, nikisema hizi zinataka kushikwa. Vipele vikamtoka, nikapaka mafuta ya nazi ya moto na kitunguu. Msichana wa miaka kumi na saba! Shuleni walikuwa wanamvuta ushungi wamwone, wanamwita "mzee wa bunge" kwa kipara. Akaacha kula. Akaanza kusingizia kuumwa ili asiende shule.

Siku moja nafumua msuko wa panjani, pembeni mwa paji... ukabaki mkononi mwangu. Wote. Mzima mzima na mizizi yake. Mahali ulipokuwa panang'aa kama kiganja. Rehema hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Bibi, umetoka?"

Nilimfunga ushungi, nikamwambia nipeleke kwa huyo daktari wako. Tukaenda Mikocheni. Daktari ni dada mdogo tu, mpole, alinipa shikamoo. Alimtazama mtoto kichwa, akakunja uso. Akauliza, "Bahasha ziko wapi? Zilikuwa zinapungua. Ile ya mwisho niliyoiona haikuwa na nywele hata robo ya ile ya kwanza." Akauliza tena, "Nani anamsuka?"

Nikasema, "Mie." Tena nilisema kwa kujivuna, Mungu anisamehe!

Yule dada akashusha pumzi. Akanieleza taratibu kwamba nywele za Rehema ni laini, ngozi yake ni nyepesi, na kilichoanza kuziua tangu utotoni ni kuvutwa. Alikuwa amempangia kwenye karatasi utaratibu wa kichwa chake yeye, siyo wa kila mtu: kuosha Jumamosi, kuchana kuanzia nchani, dawa kwenye vipele, misuko ya kulegea, rasta marufuku, kitambaa laini wakati wa kulala. Na asiruke hata wiki moja. Neema hakuwa ameruka hata wiki moja.

Nikamgeukia Rehema. "Sasa kwa nini hamkuniambia?"

Mtoto akaangalia mikono yake. "Mama alisema tusikwambie. Alisema ukijua ni mikono yako, bibi, utaumia. Alisema nywele zikishaota, hamu ya kunisuka itakuwa imekutoka yenyewe."

Ndugu wasomaji... ndiyo jibu alilolimeza siku ile uani! Alikubali kuitwa mchawi kuliko kuniaibisha mbele ya wifi yangu na jirani yangu. Mimi niliyemfukuza!

Daktari alisema nywele za katikati bado zinaweza kuokolewa. Za panjani, kulia na kushoto, vitundu vya nywele vimeshafunga. Hazitaota tena. Angekuja miezi mitatu nyuma, alisema... sikusikia kilichofuata.

Nilikwenda Kiwalani na Shabani na Rehema, nikapiga magoti. Neema aliniinua haraka, akanipa kiti, akanipikia chai. Alilia alipomwona Rehema kichwa. Akaniambia, "Mama, nimekusamehe. Ila kurudi kuishi nyumba ile, watu wakinipita wananong'ona, siwezi." Kwa mumewe hakugeuka hata mara moja. Akamwambia Rehema, "Jumamosi njoo. Njoo na chanuo."

Sasa kila Jumamosi mtoto anakwenda Kiwalani asubuhi, anarudi jioni kichwa kimefungwa. Katikati panaanza kujaa. Panjani ni peupe. Juzi niliinua mkono nimwekee sawa ushungi, akarudi nyuma, kisha akaona aibu, akasema, "Samahani, bibi." Mkono ukabaki hewani. Shabani akirudi safari anakula peke yake, halafu anaondoka. Nimebaki na nani?

Kina mama, kina bibi, nawasihi! Mtoto akisema inauma, inauma. Kichwa kimoja hakitunzwi kama kingine. Kitafutieni utaratibu wake na muushike kila wiki. Na ukikuta kitu usichokielewa chumbani kwa mkweo, kirudishe ulipokikuta, kaa chini, umuulize yeye peke yake. Usiite watu. Watu niliowaita mimi wameshasahau, wanakuja kuomba chumvi wanacheka. Aliyeondoka hajarudi.

Nimeandika kwa kukumbuka. Pengine bahasha hazikuwa nane, zilikuwa saba. Pengine Mama Husna maneno yale hakuyasema hivyo, aliyasema Bi Tatu. Mliokuwepo, mnisahihishe. Neema, na wewe kama haya yamekufikia, kama kuna neno lako nimelipotosha, usiniandikie... njoo, mwanangu, unisahihishe mdomo kwa mdomo.