Shati Lililozikwa Usangu

Wapo wanaopendana kwa barua, wapo wanaotafutiwa na shangazi. Matilda yeye aliangukiwa na gunia la mpunga mguuni, sokoni Mbalizi, Jumamosi ya kabla ya Krismasi, mwaka 1976. Soko lilikuwa limefurika mpaka barabarani. Alikuwa amevaa gauni la kitenge cha njano na viatu vya raizoni vilivyompandisha karibu shubiri nzima, nywele kazifuga zikasimama, na mkononi ana kapu la viazi vya kumpelekea mama yake Kihesa, Iringa. Alipoinua macho kumtazama mwenye gunia, alimwona kijana mrefu, mweusi wa kung'aa, suruali yake ya bugaluu imefagia vumbi lote la Mbalizi.

“Samahani, dada. Umeumia?”

“Mguu wangu, maumivu yangu. Samahani yako nitaipaka wapi?”

Kijana akacheka, akainama kumwokotea viazi. Lafudhi yake ilikuwa ya Kisukuma tupu, Matilda akaona pa kumchokoza. Akamuuliza ng'ombe wake kawaacha wapi.

“Ng'ombe ni wa baba, huko Usangu. Mimi naendesha ndege.”

“Msukuma na ndege wapi na wapi? Utaichapa fimbo?”

“Ile haitaki fimbo, mama. Inataka mtu asiyeropoka. Wewe usingeiweza.”

Hapo Matilda alishindwa kununa. Kijana huyo aliitwa Mihayo, mtoto wa Mzee Budeba, mfugaji aliyehama Shinyanga na mifugo yake kuja bonde la Usangu. Alikuwa luteni, rubani wa ndege za kivita, na alikuwa nyumbani kwa likizo. Matilda naye akamwambia kwamba yeye ni opereta katika nyumba ya simu mjini Mbeya, anaunganisha watu wa mbali wapate kusemezana. Mihayo akasema basi kazi wamepata, yeye atapiga na Matilda ataunganisha.

Na alipiga kweli. Kila Jumatatu saa nne asubuhi taa ya laini ya jeshi iliwaka kwenye ubao, Matilda akachomeka waya, na kabla hajasema lolote sauti ikamwita, “Matilda.” Jina tu, polepole, kama mtu anayehakikisha bado lipo. Baada ya hapo ndipo yalipokuja ya mpenzi na ya nimekukumbuka, na matani ya viatu vya raizoni, na Lea, mwenzake wa kiti cha pili, akijifanya hasikii huku masikio yamesimama. Mwaka wa pili Mihayo akawa kapteni. Mwaka wa tatu mshenga akaenda Kihesa, mama akapokea barua ya posa, harusi ikapangwa iwe Desemba 1978. Mihayo akamletea picha amesimama chini ya ndege yake, namba 914 inasomeka vizuri puani. Akamwachia na shati lake la bluu, akamwambia alivae akisikia baridi ya Mbeya.

Oktoba vita vya Kagera vikaanza. Harusi ikaahirishwa, Mihayo akapelekwa kanda ya ziwa, simu zikakatika. Barua za wanajeshi zilipita mikono mingi kabla ya kufika, nyingine zilichukua miezi miwili. Matilda akawa anaishi kwa redio.

Sasa, kazi ya opereta ina sharti moja kubwa: ukishawaunganisha watu, unatoka. Maneno yao si yako. Matilda alikuwa amelishika sharti hilo miaka minne bila kosa. Lakini asubuhi moja ya Februari iliingia simu ya jeshi kutoka Mwanza ikitaka kambi ya Mbeya, na Matilda, kwa moyo wa mtu mwenye mchumba vitani, hakutoka. Alimsikia ofisa wa Mwanza akisema ndege 914 haikurudi jana. Akasema rubani ni kijana wa huko huko mkoani kwenu, watafuteni wazazi wake. Matilda hakungoja jina. Aliuchomoa waya na simu ikakatika, na alipozinduka alikuwa sakafuni Lea anampepea kwa daftari.

Kesho yake alipanda lori kwenda Usangu kumwambia Mzee Budeba. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama mwili umeonekana. Matilda akasema haukuonekana.

Katika ukoo wa Budeba mtu aliyepotea bila mwili haachwi hivi hivi azurure. Huzikwa nguo yake, imefungwa katika ngozi ya ng'ombe wa kundi lake, na anayeiweka kaburini ni yule aliyekuwa naye karibu kuliko wote. Nguo aliyokuwa nayo Matilda ilikuwa lile shati la bluu. Aliliweka mwenyewe, kwa mikono yake, mbele ya watu mia mbili. Akaambiwa neno moja na wazee wa kike: marehemu asiye na mwili hupenda kurudi kwa sauti. Ukiitwa na sauti ya mtu uliyemzika, usiitike. Ukiitika, mmekwenda wote.

Hakuna mkubwa yeyote wa jeshi aliyekuja kuthibitisha msiba. Watu wakasema ni siri za vita.

Jumatatu ya pili ya Machi, saa nne asubuhi, taa ya laini ya jeshi iliwaka. Matilda akachomeka waya.

“Matilda.”

Polepole, vile vile. Nyuma yake kulikuwa na mvumo mrefu wa waya, na katika mvumo huo watu wengine wakisema mbali sana, maneno yasiyoshikika. Matilda alihisi nywele za kisogoni zikisimama moja moja. Mdomo wake ulikuwa umeshafunguka kujibu. Akauchomoa waya.

“Nani?” aliuliza Lea.

“Hakuna mtu,” alijibu, na ndivyo alivyoamini.

Jumatatu iliyofuata sauti ikaja tena. Safari hii Matilda alimvuta Lea, akamvika vipokea sauti kichwani, lakini waya ulikuwa umelegea katika purukushani na Lea akasikia mvumo mtupu. Alimtazama mwenzake kwa huruma, akamshauri aende Kihesa akapumzike kwa mama. Wiki hiyo hiyo ikaja barua ya Mihayo yenye tarehe ya Januari, akimwita mpenzi na kumuuliza kama bado anavaa shati. Matilda aliisoma mara moja akaifunga kwenye Biblia. Jumatatu ya tatu sauti haikuishia kwenye jina.

“Matilda, nijibu. Nimekukosea nini?”

Alilia, jamani. Alilia huku ameshika waya mkononi, maana hakuna aliyemtamani duniani kama yule aliyekuwa anamwita. Mtu akufie, kisha akubembeleze kila wiki, na wewe uambiwe unyamaze! Lakini alinyamaza, akachomoa. Baada ya hapo taa haikuwaka tena, na ukimya huo ulimtesa kuliko sauti.

Aprili redio ikatangaza Kampala imeanguka, Mbeya nzima ikatoka barabarani. Siku nne baadaye, saa sita mchana, Matilda alikuwa Mbalizi ananunua mchele. Alishangaa kuona soko linanyamaza kuanzia upande wa barabara. Mama muuza ndizi alijifunika uso kwa khanga. Wafugaji wawili waliokula nyama ya msiba Usangu waliacha fimbo zao chini wakaondoka kinyumenyume. Watu walikuwa wanapisha kitu, na kitu hicho kilikuwa kinatembea kumjia yeye.

Alikuwa Mihayo, amevaa sare ya kijeshi, begani ana cheo cha meja. Amekonda, macho yamezama. Alisalimia watu wasimjibu, akawa anageuka huku na huku bila kuelewa. Akasimama hatua tatu mbele ya Matilda.

“Matilda.”

Matilda hakukimbia. Alimtazama chini, kama kivuli kipo. Kilikuwepo, kifupi, chini ya viatu vyake, lakini hakuthubutu kufungua mdomo.

“Kama umepata mwingine niambie, nitakwenda zangu,” Mihayo alisema. “Nimepiga mara tatu unanikatia. Niliomba ruhusa kwa mkubwa wangu kwa kubembeleza, mimi mwenye watu mia chini yangu, ili nikatiwe simu na mchumba wangu?”

Maiti hawaoni wivu, Matilda aliwaza. Akanyoosha mkono, akagusa kidevu chake, akakuta ndevu za siku mbili na jasho. Ndipo akaitika, abee, kwa sauti ambayo hata mwenyewe hakuijua, akamwangukia kifuani soko lote likitazama.

Waliketi kwenye kibanda cha chai ambacho wateja wake wote walikuwa wamekimbia. Matilda alimweleza yote, simu aliyoisikiliza, waya aliouchomoa, shati, kaburi. Mihayo hakumkatiza. Matilda alipomaliza, Mihayo alikizungusha kikombe chake.

“Ndege ilikuwa yangu,” alisema. “Rubani alikuwa Andendekisye, wa Tukuyu. Mimi Januari nilipandishwa cheo, nikakabidhiwa mapigano yote ya angani ya upande ule. Ukipewa hayo huruki tena. Unakaa na ramani na redio, unatuma wenzako. Ile 914 nilimpa yeye kwa mkono wangu, na nilimtuma mimi.”

Matilda akamuuliza kwa nini hakumwambia kwamba haruki tena. Mihayo akasema ilikuwa siri, na hata isingekuwa siri angeona aibu. Kisha akasema jambo ambalo Matilda hakuwahi kulisahau.

“Siku ile nilikuwa kwenye redio. Nilimwita Andende, akaniitika. Nikamwita tena, akaitika tena, taratibu kabisa, ananiuliza kama huku chini kuna mvua. Nikaangalia saa. Mafuta yake yalikuwa yamekwisha nusu saa nzima nyuma, Matilda. Ndege haiwezi kuwa juu bila mafuta. Na bado alikuwa ananijibu.”

“Na wewe ukaendelea kumwita?”

“Ningeachaje? Nilimwita mpaka aliponyamaza mwenyewe.”

Mchana ule ulikuwa na jua kali, lakini Matilda alijikunyata. Alifahamu kwamba huyu mwenzake alikuwa ametenda lile hasa ambalo yeye alikatazwa, kusemezana na sauti ya mfu. Na waya alioukata Februari ulikuwa wa habari za Andendekisye. Wazazi wake walikuja kupata taarifa baada ya siku tano.

Walikwenda Usangu pamoja kesho yake. Habari zilikuwa zimewatangulia, na Mzee Budeba alimpokea mwanawe nje ya boma, karibu na lile kaburi, hakumruhusu kupita ndani. Machozi yalikuwa yanamtoka mzee, lakini mila ni mila. Alisema mtu hawezi kuingia mlangoni kwake na huku kaburi lake linamngoja nje. Lazima lifukuliwe, ngozi na shati vichomwe moto, na atakayevitoa ni yule yule aliyeviweka. Asipotoa yeye hakuna mwingine anayeruhusiwa. Kijana mmoja wa ukoo akamletea Matilda jembe.

“Lisifukuliwe,” alisema Mihayo.

Watu wakaguna. Mzee akamuuliza kama vita vimemla akili.

“Baba, kuna mtu alikwenda mahali pangu, kwa ndege yangu, kwa amri yangu. Hana kaburi. Nimetoka kwa mama yake Tukuyu, amekataa kuchimba kaburi tupu, anasema atangoja mwili. Hatauona. Shati hili mmelizika kwa machozi ya kweli, nawaomba mniachie, liwe la Andendekisye.”

“Kaburi lilisemewa jina lako, si lake,” alisema mzee kwa uchungu. “Litakuita. Leo au mwaka kesho litakuita, na wewe nakujua, utaitika. Nani atakupa binti, mtu mwenye kaburi lake wazi?”

Mihayo akamgeukia Matilda. Hakuwa meja tena wakati huo, alikuwa yule kijana aliyeangusha gunia. Alimwambia kwamba hamlazimishi. Kama anataka mume wa salama, achukue jembe afukue, naye hatamlaumu maisha yake yote. Ila akifanya hivyo Andende atabaki anazunguka huko juu akiuliza habari za mvua, na yeye Mihayo hatalala.

Matilda alishika jembe. Alilitazama lile tuta, majani yalikuwa yameanza kuota juu yake. Alimwogopa mzee, aliliogopa kaburi, na kuliko vyote aliogopa Jumatatu moja kuamka peke yake kitandani. Akapiga magoti akachimba, taratibu, wazee wakaanza kupumua. Mihayo akageuza uso pembeni.

Lakini hakufika kwenye ngozi. Kina cha kiganja tu aliacha, akafungua kitambaa alichojifunga kichwani, akakikunja mara nne, akakilaza ndani ya shimo, akarudishia udongo na kuushindilia kwa viganja viwili. 

“Mzee wangu, shikamoo,” alisema akiwa bado magotini, kichwa wazi. “Andendekisye namwachia shati, nami nimetia changu. Kaburi likimwita mwanao, litakuwa limeniita na mimi. Tutaitika wote wawili.”

Mzee Budeba alimtazama. Kisha akamnyang'anya jembe, akamwinua kwa kumshika mkono, akawaambia wanawake walete maji mkwe wake anawe.