Jino la Longinus na Kipima Unyevu

Longinus alirudi kutoka kazini amechoka. Alikaa kizingitini, akavua buti, akanyoosha mgongo polepole. Mgongo ulikuwa unamsumbua tangu mwaka jana.

Kwa miaka ishirini na sita alipokea kahawa ya wakulima kwenye ghala la chama chao cha ushirika, kijijini Munanila. Kazi yake ilikuwa kusema kama kahawa imekauka. Alitia punje mdomoni, akaing'ata. Ikibonyea, ilirudi kuanikwa. Ikilia ka!, iliingia ghalani.

Sasa chama kilileta kipima unyevu, mashine ndogo inayopima mazao mbalimbali na kuonyesha namba kwenye kioo. Kwa kahawa, namba ikizidi kumi na mbili, bado haijakauka. Longinus alipelekwa semina Kasulu siku mbili. Alisikiliza kutwa, akarudi na karatasi yenye hatua za kupima. Kesho yake hakukumbuka hata kitufe cha kuwashia.

Meneja wa ghala, Nurudini, alimwambia, "Mzee wangu, bado wiki tatu msimu ufunguliwe. Siku hiyo nitakupima. Ukishindwa, utakwenda kubeba magunia."

"Kwa mgongo huu?"

"Ndiyo maana nakuambia mapema."

Basi kila jioni Longinus alinakili ile karatasi kwenye daftari, kama walivyofanya shuleni zamani. Wiki ikaisha. Alikuwa amenakili mara kumi na nne.

"Baba Rosa, utamaliza daftari," alisema mkewe, Josepha.

"Daftari litaisha, kichwani hakuna kitu. Nimezeeka, Mama Rosa."

Jirani yao Elisante, mwalimu wa elimu ya watu wazima, alikuwa amekuja kuazima jembe. Akasikia.

"Shikamoo mzee. Hebu funga daftari. Unaanza na nini?"

"Marahaba. Naanza... Aa! Nimeandika leo hii!"

"Na kung'ata punje, ulinakili wapi?"

Longinus alicheka kidogo. "Kunakili nini? Baba alinipa punje, akauliza, imekauka? Nikikosea, ananicheka. Kesho tena. Baada ya siku kadhaa, tena."

"Ndivyo ubongo unavyojifunza, hata wa mtu mzima," alisema Elisante. "Haushiki kila kinachopita machoni. Unashika kile unacholazimika kukitafuta. Ni kama njia ya kwenda mtoni: ukiipita mara nyingi inakuwa wazi, ukiiacha inaota majani. Semina ilikumwagia yote kwa mara moja."

"Sasa nifanyeje?"

"Simu yako inapokea ujumbe wa sauti? Nitakutumia swali moja. Jibu bila kuangalia karatasi. Ukishajibu, ndiyo uangalie. Leo, kesho, halafu tunaruka siku mbili, tunarudia. Kazini shika mashine yenyewe. Ng'ata kwanza, kisia, ndipo upime. Na ulale vizuri. Ukilala, ubongo unapanga ulichojifunza."

"Kulala nako ni masomo?"

"Ni masomo, mzee."

Haikuwa rahisi. Swali la kwanza alikosea. La pili akakosea, akataka kuizima simu. "Mwalimu huyu ananichosha," alilalamika. Josepha akamjibu, "Magunia yatakuchosha zaidi." Longinus akajibu tena. Wiki ya pili alikuwa akijisemea huku anatembea: poza kahawa kivulini, chagua zao, jaza kikombe mpaka kwenye mstari, bonyeza, rudia mara tatu.

Msimu ukafunguliwa. Mkulima mmoja, Manirambona, alileta gunia. Nurudini akasimama pembeni, mikono nyuma.

Longinus aling'ata punje. Ikabonyea. Akapima. Kioo kikaonyesha kumi na moja.

"Imekauka!" alisema Manirambona. "Mashine imesema."

Longinus aling'ata punje nyingine. Jino lilisema bado. Alifumba macho, akatafuta kichwani: poza, chagua zao... Akafumbua macho, akatazama kioo. Juu ya namba paliandikwa mahindi; aliyepima mahindi asubuhi hakuibadilisha mashine. Akabonyeza mpaka likaja neno kahawa. Akapima mara tatu. Kumi na tano, kumi na tano, kumi na tano.

"Irudi kuanikwa, ndugu yangu. Ingeoza ghalani."

Nurudini aliitazama mashine, akamtazama Longinus. "Mimi mwenyewe nisingeona," alisema. "Kaa hapohapo, mzee."

Jioni Longinus alirudi amechoka vilevile. Alikula, akanawa, akaingia kulala kabla kuku hawajaingia bandani.

"Mapema hivi?" aliuliza Josepha.

"Mwalimu kasema ni masomo."

"Hilo ndilo somo pekee ulilolishika siku ya kwanza," alisema Josepha, akamfunika blanketi.