Wimbo wa Kumuaga

Mara ya kwanza makofi ya wimbo wa tatu yalikuwa saba. Mara ya pili, wimbo uleule, yakawa manane. Makasi, mhakiki wa muziki gazetini, aliyebandikwa jina hilo na wanamuziki aliowakata maini, akajicheka. Kumbe masikio nayo huzeeka.

Albamu yenyewe ilikuwa ya kupanda na kushuka. Kikundi kilichukua nyimbo za kale za bibi mmoja kikazichanganya na mngurumo wa mashine ya kusaga na kelele za msumeno. Wa kwanza mtamu, wa pili uji usio na sukari, wa tatu ukamsimamisha nywele. Wa tisa, wa mwisho, bibi ananung'unika tu dakika kumi na mbili. Aliuonja nusu dakika akauruka, akaandika: "Huu ni wa kujazia." Kisha akaurudia wa tatu kwa spika, maana aliupenda kwelikweli.

Makofi yakawa tisa. La tisa lilitoka chumba cha pili, ambako mumewe, fundi viatu, alikuwa anagonga soli.

"We! Na wewe umo kwenye bendi?" alimtania.

Nyundo ikagonga tena, safari hii juu ya kitu chenye majimaji, na harufu ya nywele zilizoungua ikapenya chini ya mlango. Makasi akafungua. Mumewe alikuwa amelaza mkono wake wa kushoto juu ya chuma cha viatu, anauponda huku anatabasamu.

Alimpigia simu kiongozi wa kikundi.

"Kaka, wimbo wa tatu ni wa nini?"

"Wa kumwita pepo, dada. Wa tisa ndio wa kumuaga. Si umeusikiliza wote?"

Bila kukata simu aliikimbilia kompyuta akaufungulia wa tisa, na mumewe akamfuata, akamvunja mtulinga kwa nyundo, akamkamata nywele akamburuta sakafuni, akambamiza uso ukutani mara moja, mara mbili, huku sauti isiyo yake ikicheka kooni mwake, na Makasi, damu ikimziba macho, hakupigana wala hakukimbia, aliikumbatia tu kompyuta tumboni kama mtoto mchanga ili wimbo usikatike.

Dakika ya kumi nyundo ilimponyoka fundi, akaketi sakafuni. Ya kumi na moja, macho yake yakarudi.

"Mke wangu," alinong'ona, "nani amekuumiza hivi?"

Makasi alilia kwa furaha. Na wimbo ukakatika, katikati ya neno.

"Kaka!" alipiga kelele kwenye simu. "Mbona umeisha?"

"Bibi aliuimba saa nzima. Tuliupunguza."

"Nani kawaambia mpunguze?"

"Wewe, dada. Albamu yetu ya kwanza uliandika hatujui kumaliza wimbo."

"Basi mleteni huyo bibi! Sasa hivi!"

"Tulimzika mwezi uliopita."

Macho yalikuwa ya mumewe, na sauti ilikuwa yake. Lakini mkono wa kulia ulitambaa sakafuni peke yake hadi ukaipata nyundo. Fundi akautazama kama mkono wa mtu mwingine, akajaribu kuuzuia kwa ule uliopondeka, akashindwa.

"Kimbia, mke wangu," alisema, machozi yakimtiririka, na mkono ukapanda juu.